Harambee haitoshi kumponya mraibu

Miaka michache iliyopita, walimu wa shule moja ya upili nilikokuwa nikifunza walikusanyika katika chumba cha walimu baada ya masomo ya jioni. Hawakukusanyika kujadili matokeo ya mtihani, bali kumchangia mwenzao. Alikuwa mwalimu hodari wa Hisabati ambaye pombe ilikuwa imemnyang'anya afya, ikamnyang'anya heshima, na sasa ilikuwa imebakisha kumnyang'anya kazi. Kila mmoja wetu alitoa alichokuwa nacho. Wazazi wakaongezea chao na ndugu zake wakauza ng'ombe wawili. Akapelekwa katika kituo cha kurekebisha tabia kwa siku 90.

Alirudi amenawiri, macho yakiwa meupe na mkono hautetemeki tena anaposhika chaki. Tulimshukuru Mungu. Hata hivyo, muhula haukuwa umekwisha kabla ya mwalimu huyo kuanguka tena. Kakake alipokuja kuomba harambee ya pili, chumba kile kilikuwa na watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa amekaa akisahihisha vitabu.

Sisemi haya ili kuwalaumu waliokosa kufika. Mfuko wa mwalimu una mashimo mengi. Nayasema kwa sababu yalinifunza jambo ambalo yafaa taifa zima lilitafakari. Harambee ni chombo kizuri, nacho kimetujengea madarasa, kimewazika wafu wetu na kuwapeleka watoto wetu vyuoni. Lakini mambo hayo yote hufanywa mara moja yakaisha. Uraibu ni ugonjwa wa muda mrefu, unaotulia na kuamka tena kama moto uliofunikwa na majivu. Ugonjwa wa namna hiyo hauwezi kutegemea huruma ya majirani, kwani huruma huchoka. Unahitaji mfuko usiochoka, na mfuko huo ni ule wa umma.

Ni dhahiri kwamba tatizo lenyewe si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa mtu 1 kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Hao ni zaidi ya watu milioni 4.7. Pombe ndiyo iliyoongoza, ikifuatwa na tumbaku, miraa na bangi. Bila shaka si wote hao walio waraibu, wala si kila mraibu anayehitaji kulazwa. Lakini hata tukichukua sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, bado tutapata umati ambao vitanda vyetu haviwezi kuubeba.

Vitanda vyenyewe viko wapi? Ipo hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambayo imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu 1910 na ambayo hupokea pia waraibu. Kipo kituo cha serikali cha Miritini, Mombasa. Zipo kaunti ambazo zimejikakamua zikaanzisha vituo vyao. Zaidi ya hapo, mzigo umeachiwa mashirika ya kidini, mashirika ya kujitolea kama Omari Project lililoanza Malindi katika miaka ya tisini, na wafanyabiashara. Wazazi wengi wanaobisha hodi kwa wafanyabiashara hao huambiwa ada ya miezi 3 inayopita karo ya mwaka mzima ya shule ya kitaifa ya bweni, ambayo serikali iliiweka kuwa Sh53,554. Mzazi aliyeshindwa kulipa karo hiyo kwa mafungu matatu atatoa wapi zaidi ya hiyo kwa mkupuo mmoja?

Matokeo yake ni kwamba matibabu ya uraibu yamekuwa mali ya wenye nacho. Mwana wa tajiri akinaswa na unga hupelekwa mahali penye bustani na mshauri wa kumsikiliza. Mwana wa maskini akinaswa na unga uo huo huitwa teja, akafukuzwa sokoni, akapigwa na umma kwa kuiba sufuria, na mwishowe akatiwa rumande. Ugonjwa wao ni mmoja, ila mmoja wao amekuwa mgonjwa na mwingine amekuwa mhalifu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu alazwe, badala ya kuambiwa tu aache. Swali hili huulizwa na wale ambao hawajawahi kumwona mlevi sugu akinyimwa pombe kwa siku mbili. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukiikosa ghafla, huweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupatwa na kifafa kinachoweza kuua. Ndiyo maana kumfungia mlevi chumbani ili "ajifunze adabu" ni hatari. Anayetumia heroini naye hupatwa na kile ambacho vijana wa Pwani hukiita arosto: mifupa humuuma, hutapika, huendesha, na usingizi humruka usiku baada ya usiku. Mtu aliye katika hali hiyo hahitaji hotuba. Anahitaji daktari, muuguzi, dawa na mahali pasipo na mwuzaji mlangoni.

Kuondoa sumu mwilini ni mwanzo tu. Zinazofuata ni wiki nyingi za ushauri, za kujifunza kulala na kuamka kwa saa, za kupatana na mke au wazazi waliodhulumiwa, na za kutafuta kazi ya mikono au ya akili itakayoijaza siku. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyekaa miezi 3 bila heroini huwa mwili wake umepoteza uzoevu wake wa awali. Akirudi mtaani na kutumia kipimo kile kile alichozoea, kipimo hicho huweza kumuua. Kwa hivyo kituo kinachomwachia mgonjwa langoni siku ya 90 bila mtu wa kumfuatilia huenda kimemwacha katika hatari kubwa kuliko ile aliyoingia nayo. Mwalimu wetu wa Hisabati hakukosa nia. Alikosa mtu wa kumwona kila wiki baada ya kurudi nyumbani.

La kushangaza ni kwamba nchi hii ilitambua wajibu wake kitambo. Sheria ya kudhibiti mihadarati ya 1994, ambayo watu wengi huikumbuka kwa ukali wa vifungo vyake tu, ilimpa waziri uwezo wa kuanzisha vituo vya kuwatunza, kuwatibu na kuwarekebisha waraibu. Iliiruhusu pia mahakama kuamuru kwamba mraibu aliyepatikana na kiasi cha kutumia mwenyewe atumikie sehemu ya kifungo chake katika kituo cha aina hiyo. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 nayo iliunda hazina maalumu, na miongoni mwa kazi za hazina hiyo ni kusaidia mipango ya kuwarekebisha walioathirika. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Haikuandikwa humo "ila mlevi" wala "ila teja".

Maandishi basi tunayo tele. Tunachokosa ni fedha za kuyatia uhai, na wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hakimu mwenye huruma ambaye angetaka kumpeleka kijana katika kituo cha umma hujikuta hana kituo cha kumpeleka, akabaki na gereza. Gereza nalo linagharimu. Mfungwa hula, hulala, hulindwa na hutibiwa kwa fedha za umma. Kwa hivyo anayesema kuwa serikali haina fedha za kumtunza mraibu anasahau kwamba serikali tayari inamtunza, isipokuwa inamtunza mahali ambapo hatapona.

Tumejaribu pia njia ya msako. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, heroini iliadimika ghafla katika miji ya Pwani. Mtu angedhani kuwa huo ungekuwa ushindi. Badala yake, watumiaji wengi wakapatwa na arosto kwa wakati mmoja, hospitali hazikuwa zimejiandaa kuwapokea, na baadhi yao wakageukia vidonge na michanganyiko mingine ya hatari. Baadaye unga ukarudi, nao wakaurudia. Agosti 2014, meli ya Al Noor ililipuliwa baharini ikiwa na zaidi ya kilo 370 za heroini, na taifa likapiga makofi. Julai 2015, mitungi ya pombe ilimwagwa mitoni katika eneo la Kati. Februari 2024, watu wakafa tena kwa pombe yenye sumu huko Kirinyaga, na Machi mwaka huo serikali ikatangaza hatua nyingine kali. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga marufuku muguka, na marufuku hiyo ikaishia katika mvutano na serikali kuu na kesi mahakamani.

Sipingi msako. Mwuzaji wa sumu hastahili kupumzishwa. Ninachosema ni kwamba kumwaga pombe hakumwondolei mlevi kiu yake. Ukimfungia mraibu duka moja bila kumfungulia zahanati, atalitafuta duka la pili, na mara nyingi la pili huwa baya kuliko la kwanza.

Wapo wanaopinga fikira hii, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Wa kwanza husema kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mbona aliyejitakia ulevi atibiwe kwa kodi ya aliyejizuia? Ninawajibu kwa swali. Dereva aliyepindua gari kwa kasi ya kupita kiasi akifikishwa hospitalini, je, muuguzi humwuliza kwanza alikuwa akienda kwa kasi gani? Aliyepatwa na maradhi ya mapafu kwa kuvuta sigara miaka 30 hufukuzwa wadini? Tukianza kuwapima wagonjwa kwa makosa yao, wachache wetu watatibiwa. Isitoshe, wengi walioanza walikuwa watoto. Mvulana wa miaka 13 aliyepewa msokoto wa bangi nyuma ya choo cha shule hakutia sahihi mkataba wa kuwa mraibu.

Wa pili husema kuwa ni bure kumtibu mtu ambaye ataanguka tena. Ni kweli kwamba wengi huanguka. Lakini mgonjwa wa kisukari naye, sukari yake ikipanda tena, hatumwambii kuwa amezila zamu yake ya dawa. Tunamrekebishia matibabu. Hatutarajii kwamba mgonjwa wa shinikizo la damu atatibiwa miezi 3 akapona milele. Mbona basi tunataka uraibu uwe ugonjwa pekee unaopona kwa mara moja?

Wa tatu husema kuwa vituo vya kulaza ni ghali, na kwamba afadhali fedha zitiwe katika kinga mashuleni na katika kliniki za kutwa. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na kwa kiasi fulani naikubali. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga haimfai aliyekwisha kuugua. Kliniki za methadoni zimewasaidia watu wengi wanaotumia heroini. Wenzetu wa Tanzania walifungua ya kwanza katika hospitali ya Muhimbili mwaka wa 2011, na Kenya ikafuata Mathari mnamo 2014, kisha Malindi na Mombasa. Hizo ziongezwe. Lakini methadoni haimfai mlevi wa chang'aa, wala kliniki ya kutwa haimfai kijana anayerudi kila jioni kulala katika maskani yale yale anakodungwa sindano. Kulazwa ni ngazi moja katika ngazi kadhaa, na ngazi ikikosa kipago cha kati, apandaye huanguka.

Aidha, yafaa tukumbuke kuwa huduma nyingi za waraibu zimekuwa zikisimama kwa fedha za wafadhili wa kigeni. Januari 2025, serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ghafla, mipango mingi ya afya nchini ilitikisika. Funzo tulilipata kwa uchungu. Anayekula kwa kijiko cha jirani hulala njaa siku jirani anapokitaka kijiko chake.

Wala faida ya kutibu si ya mraibu peke yake. Kwa miaka mingi, takwimu rasmi zimekuwa zikitaja takriban watu 18 katika kila 100 wanaojidunga dawa kuwa wana virusi vya UKIMWI, kiwango kinachopita mbali kile cha watu wazima kwa jumla. Hao wana wake, waume na watoto. Tunapomtibu mmoja tunawakinga wengine, jinsi tunavyofanya tunapomtibu mgonjwa wa kifua kikuu bila kumtoza ada.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kila kaunti iwe na angalau kituo kimoja cha umma chenye vitanda, daktari, wauguzi na washauri waliohitimu, na kiwe na sehemu ya wanawake. Mara nyingi wanawake husahaulika katika mipango hii, na mama mwenye mtoto mchanga hukataa kulazwa kwa kuwa hana wa kumwachia. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti huduma za afya, leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya. Kaunti inayopokea ada ya leseni ya baa haiwezi kudai kwamba mlevi atokaye katika baa hiyo si wake.

Pili, Bunge litenge kwa sheria sehemu mahususi ya ushuru wa pombe na sigara kwa ajili ya matibabu haya, isiweze kuhamishiwa kazi nyingine. Ushuru huo huiingizia serikali mabilioni ya shilingi kila mwaka. Si haki Hazina Kuu ivune katika shamba hili kisha iwaachie akina mama wazee magugu.

Tatu, bima ya afya ya jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa kila mfanyakazi, iwaeleze wananchi kwa lugha nyepesi ni siku ngapi za kulazwa inazolipia, katika vituo vipi, na mara ngapi mtu akirudiwa na ugonjwa. Sheria ya 2023 iliyoiunda bima hiyo iliunda pia hazina ya magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Kama uraibu si ugonjwa sugu, sijui ni upi unaostahili jina hilo.

Nne, fedha za umma ziandamane na macho ya umma. Vipo vituo visivyosajiliwa ambako wagonjwa hufungwa minyororo na kuchapwa kwa jina la tiba. Kituo kisichokaguliwa kisipewe hata senti. Na tano, kila kituo kilipwe pia kwa kazi ya kumfuatilia mgonjwa kwa mwaka mzima baada ya kutoka. Ndugu zetu wa Zanzibar wana nyumba za upataji nafuu, ambako waliokwisha kuacha huishi pamoja na kusaidiana. Ni mfano ambao hatuna haja ya kuvuka bahari ya mbali kuujifunza.

Najua kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi, na huenda mkasema kwamba mambo ya bajeti ni ya wakubwa. Sivyo. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona mwandiko wa mtoto ukiharibika na macho yake yakipoteza nuru. Kwa sasa, akiona hivyo, ana njia mbili tu: kunyamaza, au kuandika barua ya kumfukuza. Kumfukuza mtoto huyo ni kumkabidhi kwa mwuzaji aliye nje ya lango. Mwalimu anastahili kuwa na njia ya tatu, yaani anwani ya umma ambako atampeleka mtoto bila kumwuliza mamake ana shilingi ngapi. Nanyi wanafunzi, rafiki yenu akinaswa, msimcheke wala msimfiche. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini mapema, kwa sababu ugonjwa huu hutibika kwa urahisi zaidi ukiwa mchanga. Na mtakapotimiza miaka 18 na kupata kura, mwulizeni anayeomba kiti katika bunge la kaunti ni vitanda vingapi atakavyoviwekea fedha.

Mwalimu wetu wa Hisabati hakupata harambee ya pili. Aliachishwa kazi, akarudi kwao, na mara ya mwisho nilipopata habari zake alikuwa akibebea watu mizigo sokoni ili apate ya kunywea. Wanafunzi wake wa zamani humpita hapo. Baadhi yao ni wahandisi kwa sababu ya hesabu alizowafundisha.

Nchi haikosi gharama kwa kumwacha mtu kama huyo sokoni. Imekwisha kulipia masomo yake, mafunzo yake na miaka yake ya kazi, na sasa inaitupa amana hiyo yote kwa kukosa gharama ya kitanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tumeutazama tangu 1994, na wakati wa kuuziba kwa fedha zetu wenyewe umewadia.